Injini inamisi baada ya kubadilishwa gasketi ya silinda hedi

Ndugu yangu, kwa kuwa unasema gari lilikuwa zima kabla ya kubadilishwa gasketi ya silinda hedi (kizibo kati ya bloku ya injini na kifuniko chake cha juu), na sasa linamisi, yaani silinda fulani hairipui mafuta sawasawa, na lilikosa nguvu ulipopanda mlima wa Kitonga, Iringa, ukirudi Mbeya, usinunue kifaa chochote kabla ya kukagua vilivyoguswa na fundi. Mwinuko usisingiziwe: kwenye mwinuko kama wa Mbeya, mita zipatazo 1,700 kutoka usawa wa bahari, injini isiyo na tabo (turbo, kifaa cha kuisukumia injini hewa) hupungua nguvu kweli, lakini haimisi kwa sababu hiyo.

Injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, chomoa soketi ya umeme ya nozeli (kinachopulizia mafuta kwenye silinda) moja baada ya nyingine. Silinda ambayo mlio haubadiliki ukiichomoa ndiyo haifanyi kazi. Badilishana koili yake (inayoipa plagi umeme) na ya jirani, na tatizo likihama, koili imekufa. Lisipohama, fungua plagi uangalie kama kaure yake ina ufa mwembamba kama unywele, kwani hupasuka kirahisi ikikazwa kwa pupa.

Ikiwa silinda zote zinachangia lakini gari ni zito, ninashuku mkanda wa taimingi umeruka jino moja, hivyo alama za kemu (shafti inayofungua valvu) na kranki (shafti inayozungushwa na pistoni) zilinganishwe upya kabla hujasafiri tena.