Wageni wakiuliza mbona Mbeya inatetemeka

SWALI: Habari zenu wahariri. Natembeza wageni Ziwa Ngozi, wanafunzi wakiniuliza tetemeko linatokeaje nakwama kabisa. Nianzie wapi? – Muongoza wageni, Tukuyu

JIBU: Anzia hapohapo uliposimama dada yetu, maana matawi ya Bonde la Ufa, la mashariki na la magharibi, yanakutana huko kwenu Mbeya na ardhi inaachana milimita chache tu kwa mwaka, taratibu sana lakini haiachi. Halafu mpe mtoto kijiti kikavu akikunje polepole, kinapinda kinapinda, mara paa! kimevunjika na mkono umesikia mtikisiko. Miamba nayo inabanwa hivyo miaka na miaka, ikiteleza kwenye ufa nguvu inatoka kwa mawimbi, ndo tetemeko lenyewe. Watajie la Rukwa la Desemba 1910, ukubwa kama 7.4, ni kati ya makubwa kabisa kurekodiwa Afrika Mashariki.

Ila tafadhali usiwaambie kila mtikisiko ni Mlima Rungwe unataka kulipuka, hilo linatisha watu bure. Wakiuliza lijalo lini, sema wazi hakuna mtaalamu duniani anayeweza kutaja siku, kisha wafanyishe zoezi: kuinama, kuingia chini ya meza imara, kuishikilia mpaka litulie.

Na nyie mnaofundisha waongozaji wa hifadhi na makumbusho, jamani, punguzeni makaratasi ya kukariri, wapeni vijiti.