Mafunzo yametolewa mara mbili, bado wanabonyeza kitufe chekundu na kuingiza mkono

Umeuliza kwa nini wasafishaji wa mashine waliokwisha kufundishwa bado hawafungi umeme kabla ya kazi. Nadhani walifundishwa ukumbini. Hamishia somo kwenye mashine yenyewe: dakika 15, watu wasiozidi 6, na kila mmoja afanye kwa mikono yake huku wenzake wakitazama.

Waonyeshe kwanza kwamba kitufe chekundu husimamisha mashine tu, umeme bado unafika kwenye mashine. Mwenzako akikirudisha na kubonyeza cha kuwashia, mashine inazunguka wewe ukiwa ndani. Kwa hiyo: waarifu wanaoitumia, izime, kata swichi kuu ya mashine hiyo hiyo (lebo zilizofutika zimeponza wengi hapa), tia kufuli na kadi yenye jina lako, toa nguvu iliyobaki, kisha jaribu kuwasha.

Hatua mbili za mwisho ndizo zinazorukwa, na kuziruka ndiko kunakoua. Umeme umekatwa, lakini upepo wa kompresa bado umo kwenye silinda, springi imekazwa, kapasita (vifaa vinavyohifadhi umeme) zina chaji, na kilichoinuliwa kinangoja kushuka. Fungua valvu hadi geji isome sifuri. Kilichoinuliwa kishushe au kitegemeze kwa chuma. Kapasita zipe muda ulioandikwa na mtengenezaji. Ndipo ubonyeze cha kuwashia uhakikishe mashine haiwaki, na kama ni swichi ya kuzungusha, irudishe kwenye kuzima.

Anayegusa nyaya apime mara tatu: tesita kwenye umeme anaojua upo, kisha kwenye waya wa kazi, kisha arudi pale pa kwanza. Tesita mbovu husema kila waya hauna umeme.

Kufuli ni ya mtu mmoja, ufunguo mmoja, mfukoni mwake. Watu watatu wakiwa kazini, wekeni komeo lenye matundu mengi na kufuli tatu. Zamu zikibadilishana, anayeingia atie yake kabla anayetoka hajatoa yake.

Baada ya wiki mbili nenda bila taarifa, mwombe mmoja akuonyeshe. Akikuambia kufuli ziko kwenye kabati la msimamizi na ufunguo anao yeye, acha kuitisha mafunzo ya tatu. Mpe kila mtu kufuli yake leo, na msimamizi ahesabu muda wa kufunga ndani ya muda wa kazi.