Kihisi kimoja, ekari 120: tembea nacho, lakini beba na kopo

Ndugu yetu wa Mpeketoni ameuliza: ana ekari 120 za mahindi na pamba, na pesa zake zinatosha kihisi kimoja tu cha unyevu wa udongo. Akizike mahali pamoja, au azunguke nacho? Ndugu, zunguka nacho. Ila kuna masharti, nami niliyajua baada ya shamba la mtu kuharibika.

Misimu mitatu nimepima mashamba kati ya Mambrui na Gongoni, nikipakiwa kwenye bodaboda, kihisi cha vijiti mkononi, simu ikiweka alama ya kila nilipochoma. Ardhi yetu hubadilika ghafla. Uko kwenye mchanga mwekundu usioshika maji, hatua mia mbele uko bondeni kwenye mfinyanzi. Kihisi kilichozikwa upande mmoja hakijui habari za upande wa pili.

Masika ya kwanza, mvua ilipokatika, kihisi kilisoma zaidi ya asilimia 30 karibu na Gongoni, na mahindi pale yalikuwa yamekunja majani. Niliamini kifaa. Nikamwambia mwenye shamba asiwashe pampu. Mahindi yalikauka, na jambo hilo laniuma hadi leo. Ilikuwa chumvi. Kihisi cha bei nafuu hakiyaoni maji yenyewe, kinapima namna udongo unavyoitikia umeme. Udongo wa chumvi hupitisha umeme vizuri, basi husomeka umelowa hata ukiwa mkavu.

Tangu siku hiyo sitoki bila kopo. Ni kipande cha bomba cha chuma chenye ujazo wa sentimita 100 za mchemraba. Kididimize ardhini, kata udongo sawasawa na kingo, upime uzito, uukaushe kwenye oveni kwa nyuzi 105 saa 24, kisha pima tena. Ukipungua gramu 18, unyevu wake ni asilimia 18 ya ujazo. Fanya hivyo kwa kila aina ya udongo, palipokauka na palipolowa, ndipo usahihishe kihisi chako. Kazi inachosha, lakini bila hiyo ramani ya unyevu utakayochora kwa vipimo vyako ni rangi tu.

Halafu kuna saa. Ukianza saa moja asubuhi ukamaliza saa nane mchana, udongo wa juu umekauka ukiwa njiani. Rudi upime tena vituo vitatu vya kwanza, tofauti utaiona.

Usipimie kandokando ya njia. Hata wenye mitambo ya kupima unyevu kwa kuhesabu nyutroni (chembe ndogo mno za ndani ya atomu), inayofungwa kwenye gari, hukumbwa na hilo. Hidrojeni ya maji hupunguza mwendo wa nyutroni zitokanazo na miale ya angani, kwa hiyo zikihesabiwa chache, udongo una maji. Mtambo huo hupima eneo la mita mia na zaidi kila upande bila kuchoma ardhi, lakini barabara kavu chini ya gari hupotosha hesabu, shamba likaonekana kavu kuliko lilivyo.

Satelaiti nazo zipo, kama SMAP ya Marekani iliyorushwa 2015. Lakini kipimo chake kimoja hufunika eneo la kilomita 36 hivi kwa 36, na huku pwani ndani yake mna bahari.

Kwa ekari zako ningeanza na vituo 40, vingi zaidi pale udongo unapogeuka rangi, na ningechukua sampuli za kopo sasa kabla vuli haijaanza, ili nipate ule udongo mkavu.