Slaidi mbili za choo kimoja, majibu mawili

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nasoma Baiolojia mwaka wa pili hapa Mwanza, nia yangu ni kazi za afya. Kwenye mazoezi ya Kato-Katz, njia ya kuhesabu mayai ya minyoo kwenye kinyesi kwa darubini, choo kimoja kutoka mwaloni kilinipa mayai 96 ya kichocho cha tumbo kwa gramu, mwenzangu akapata 240. Tena jana tuliona mayai ya safura, leo hayapo. Tunakosea wapi?

Jibu: Marahaba. Kitundu cha templeti ya kawaida, kile kibao cha kupimia, hubeba miligramu 41.7 za choo, ndiyo maana idadi huzidishwa kwa 24 kupata mayai kwa gramu. Kumbe wewe uliona mayai 4, mwenzako 10. Mayai sita tu, lakini yamevusha mgonjwa mpaka: 1 hadi 99 ni maambukizi mepesi, 100 hadi 399 ya wastani, 400 na kuendelea makali. Mayai hayatawanyiki sawasawa kwenye choo, hivyo msitegemee slaidi moja. Wastani wenu ni mayai 7, yaani 168 kwa gramu. Mkipata na choo cha siku nyingine, bora zaidi.

Sasa tazameni mikono yenu. Wavu ukandamizwe juu ya choo, mkwangue kile kilichopenya. Jazeni kitundu hadi kisawazike. Hewa ikibaki chini, uzito umepungua na hesabu imeharibika. Templeti iinuliwe wima, polepole, choo kisibaki ukingoni. Selofani ya kufunika choo iwe imelowa kwenye gliserini yenye rangi ya kijani ya malakaiti kwa saa 24 au zaidi. Geuzeni slaidi, mkandamize kwenye kitu kigumu chenye uso laini, kisha iweke juu ya gazeti: maandishi yasiposomeka, bado ni nene. Choo cha kuhara hakifai kwa njia hii.

Safura hamkukosea kuiona, mmechelewa. Gliserini inayong'arisha choo huliyeyusha machoni yai hilo lenye ganda jembamba, kwa hiyo lisomwe ndani ya dakika 30 hadi 60. La kichocho lina ganda gumu, linasubiri hata kesho. Litambueni kwa mwiba wa ubavuni. Ukiwa umeelekea juu hauonekani upesi, basi chezesheni fokasi taratibu kabla ya kulikataa. Mwiba ukiwa nchani, hicho ni kichocho cha mkojo.

Kwenye daftari andikeni saa ya kutengeneza slaidi, na idadi halisi, 4 na 10, kabla ya kuzidisha.