Ndoana Iliyonolewa ni Ndoana Iliyo Uchi

Mjomba wangu aliishika ndoana yangu kwa vidole viwili, akaikokota taratibu juu ya ukucha wa dole gumba, na ndoana, badala ya kuukamata ukucha kama inavyofanya ndoana kali, ikateleza kama kijiti cha kiberiti. Tulikuwa ndani ya ngalawa, nje ya mlango wa Mto Pangani, asubuhi moja ya Desemba mwaka juzi, na kolekole watatu walikwisha kula chambo changu na kwenda zao. Binamu zangu wawili walikuwa wakitazama pembeni ili nisiwaone wanavyocheka. Ndipo mjomba aliponirudishia ndoana na kusema maneno ambayo mpaka leo yananiuma kuliko kuwakosa samaki wale: "Umezinoa, mpwa wangu, halafu umeziacha uchi. Bara kumekukausha mpaka akili."

Nimeishi Dodoma tangu mwaka 2017, ofisi yetu ilipohamishwa kutoka Dar es Salaam, na bila shaka wewe unayesoma makala hii nawe una kikopo chako cha ndoana chini ya kitanda, huko Kisasa, Nkuhungu au Area C, ukihesabu siku za likizo. Hatuko wachache. Wapo wanaotosheka na perege na kambale wa Bwawa la Mtera, na siwalaumu, kwa kuwa mimi mwenyewe huenda Mtera mara kadhaa kwa mwaka. Hata hivyo, mtu aliyezaliwa pwani hawezi kuusahau mshipi unaovutwa na samaki wa maji chumvi, na tangu treni ya mwendokasi ilipoanza kufika Dodoma mwaka 2024, safari ya kwenda kuutafuta mvuto huo imekuwa fupi kiasi kwamba visingizio vimetuishia.

Kosa langu lilianza miezi kumi kabla ya asubuhi ile. Mwezi wa Februari nilikuwa nimevua vizuri Pangani kwa ndoana 12 mpya, na jioni ya mwisho, kwa kiburi cha mtu aliyefaulu, niliketi barazani kwa mjomba nikazinoa zote kwa tupa ndogo mpaka kila moja ikawa inakamata ukucha. Nilizifuta kwa upindo wa suruali, nikazifungia katika kikopo cha plastiki chenye kifuniko kinachobana, nikapanda basi. Nilijiambia kwamba Dodoma ni kukavu, kwamba huko hata nguo zilizofuliwa asubuhi zinakauka kabla ya adhuhuri, na kwamba kutu ni ugonjwa wa watu wa pwani. Desemba nilipokifungua kikopo niliona vidoa vya rangi ya hudhurungi kwenye ncha tu, nikavipuuza, kwa sababu sehemu nyingine yote ya ndoana ilikuwa inang'aa kama siku niliyoinunua.

Hapo ndipo penye somo lote, na nililielewa baada ya kurudi nyumbani nikiwa na aibu. Ndoana nyingi tunazonunua ni za chuma chenye kaboni, kilichopakwa nje ngozi nyembamba ya bati au nikeli. Ngozi hiyo ndiyo inayong'aa, na ndiyo inayozuia maji na hewa visikifikie chuma. Tupa inapopita kwenye ncha inaichuna ngozi hiyo, na chuma kinabaki wazi mahali palepale tunapopahitaji kuliko pengine pote. Ubaya zaidi ni kwamba bati na nikeli haziliwi na kutu kwa urahisi kama chuma, kwa hiyo vinapokutana ndani ya unyevu wa chumvi, chuma ndicho kinachotolewa mhanga: kile kidoa kidogo kilicho wazi huliwa haraka kuliko ambavyo kingeliwa kama ndoana nzima isingepakwa kitu. Zinki hufanya kinyume chake, kwa kuwa yenyewe hukubali kuliwa ili chuma kipone, na ndiyo sababu ndoana zilizopakwa zinki huvumilia mkwaruzo. Ncha iliyonolewa ni nyembamba mno; kutu haina haja ya kula sana ndipo ukali uondoke. Ndoana zangu zilikuwa nzima kwa macho, lakini butu kwa samaki.

Nilikuwa bado sijaamini kwamba Dodoma inaweza kutia kutu. Mwezi wa Agosti, wakati upepo wetu mkavu unapopasua midomo, niliweka mezani ndoana tisa zilizonolewa upya, zote zikiwa zimelala usiku kucha ndani ya maji ya bahari niliyoyabeba katika chupa kutoka Pangani. Tatu niliziacha zikauke na chumvi yake, tatu nilizisuuza na kuzikausha, na tatu nilizisuuza, nikazikausha na kuzipaka mafuta. Kabla wiki mbili hazijaisha, zile za kwanza zilikuwa zimeota kutu kwenye ncha zote. Lita moja ya maji ya bahari hubeba takriban gramu 35 za chumvi, na chumvi hiyo si ile ya mezani peke yake. Chumvi ya mezani huanza kulowa yenyewe pale unyevu wa hewa unapofikia kama robo tatu ya kiasi ambacho hewa inaweza kubeba, lakini ndani ya chumvi ya bahari imo pia kloridi ya magnesi, ambayo huanza kunyonya maji hewa ikiwa na theluthi moja tu. Usiku wa Dodoma unafikia kiwango hicho bila shida. Kumbe nilikuwa nimesafiri na bahari mfukoni.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kusuuza, na ushauri wa pili ni kusuuza tena. Usisubiri ufike nyumbani. Suuza jioni ileile, kwa maji baridi yasiyo ya bahari, kabla chumvi haijakauka ndani ya tundu la mshipi na nyuma ya kile kijino kinachomzuia samaki asichomoke. Mswaki wa zamani unafaa. Jambo la kuangalia kwa sisi wa Dodoma ni kwamba maji yetu ya bomba, yanayotoka kwa wingi katika visima vya Mzakwe, ni mazito, na kila mwenye birika analijua lile gamba jeupe linaloganda ndani yake. Kuyachemsha hakuondoi chumvi iliyomo. Mimi husuuza mara ya mwisho kwa maji ya mvua niliyoyakinga mwezi wa Januari, au nusu kikombe cha maji ya chupa, jambo ambalo mke wangu huliita israfu. Baada ya hapo ndoana hukaa juu ya kitambaa juani kwa muda, kwa sababu mafuta yakipakwa juu ya unyevu yanaufungia ndani.

Kuhusu mafuta nimejaribu mengi na nina msimamo. Mjomba na wazee wa rika lake hutumia sifa, yaani yale mafuta ya papa yanayopakwa kwenye mbao za vyombo, na ndoana zake zina umri ambao sithubutu kuutaja kwa kuwa mtadhani natia chumvi. Nilikuja na kichupa chake Dodoma. Kilikaa ndani ya nyumba siku mbili, kisha nikaambiwa nichague kati ya kichupa na chumba cha kulala. Mafuta ya kupikia nayo hayafai: yakikaa miezi yanakuwa kama gundi, na vumbi letu jekundu linapenda gundi. Mafuta ya cherehani ndiyo niliyobaki nayo. Tone moja juu ya kitambaa cha pamba linatosha ndoana kumi, na kabla ya kutia chambo yanaoshwa kwa sabuni kidogo. Binti yangu alinipa rangi ya kucha, nami nakiri kwamba kwenye shingo ya ndoana inakaa vizuri. Kwenye ncha inaacha tabaka nene linalopunguza ukali, hivyo niliiacha. Wino wa kalamu ya maka unapakika mwembamba zaidi, ila hautoshi bila mafuta.

Kunoa kwenyewe sitakueleza sana, maana najua unakujua. Nitasema tu kwamba tupa yenye meno makubwa inaacha mifereji, na kila mfereji ni shimo la kuhifadhia chumvi, kwa hiyo malizia kwa kinoo laini. Wala usipeleke ndoana kwa fundi mwenye mashine ya kunolea kwa umeme. Mimi nilipeleka mara moja, ncha ikageuka rangi ya buluu kwa joto, na chuma kikawa laini kama msumari wa kuezekea. Na muhimu kuliko yote: ukishanoa, paka mafuta papo hapo, kabla hujanyanyuka kwenye kiti. Hata kama hutasafiri leo, hata kama unazinoa kwa kujifurahisha, ndoana iliyotoka kwenye tupa isilale usiku mmoja bila mafuta.

Zile 12 za mwanzo zilizokwisha kuota kutu nilizilaza ndani ya siki usiku mmoja, kutu ikalegea, nikazisugua, nikaziosha kwa maji yenye magadi kidogo ili kuua ukali wa siki, nikazinoa upya. Saba zilipona. Tano zilikuwa na vishimo karibu na ncha, na hizo nilizitupa, kwa kuwa ndoana yenye kishimo huvunjika siku ile atakapokuja samaki mkubwa. Zilizopona hazikai tena ndani ya kikopo kinachobana. Nimezichomeka katika kipande cha kandambili kilicho kikavu, kila moja mbali na mwenzake, pamoja na vile vifuko vidogo vya chembe vinavyonyonya unyevu ambavyo tunavitupa kila tunaponunua viatu. Ndoana iliyotumika haiwekwi pamoja na zisizotumika hata kwa saa moja.

Nasikia tayari sauti ya mtu akisema kwamba ndoana ni kitu cha bei ndogo, ikiota kutu unanunua nyingine. Maneno hayo niliyasema mimi mwenyewe. Anayeyasema hajapiga hesabu ya nauli ya treni na ya basi, siku za likizo alizoombea kwa magoti, na chakula cha familia aliyoiacha nyuma, vyote vikiwa vimening'inia kwenye ncha isiyozidi unene wa sindano. Tumezoea kulaumu mwezi, maji mafu, chambo kilicholala na hata kijicho cha majirani, ilhali dakika kumi za jioni ya mwisho zilitushinda kwa uvivu. Vijana hasa nawaomba mlisikie hili: uvuvi hauishii pale mshipi unapokunjwa.

Desemba iliyopita nilikwenda tena Pangani, upepo wa kaskazi ukiwa umetulia, na nilibeba zile saba zilizopona pamoja na tano mpya. Sikusema kitu. Kabla hatujasukuma ngalawa, mjomba alinyoosha mkono bila kuombwa, akachukua moja ya zile za zamani, akaikokota juu ya ukucha. Ilikamata palepale. Aliirudia kwenye ukucha wa mkono mwingine, akaitazama ncha juani, kisha akakata mshipi wake mwenyewe, akaifunga hapo ndoana yangu. Nilivua nguru mmoja na changu kadhaa siku ile. Yeye alivua zaidi yangu. Nilirudi Dodoma na ndoana 11, kwa kuwa ile moja hakuirudisha, nami sikuidai.