Wasomaji Wanauliza: Naomba Viza kwa Mara ya Kwanza, Nianzie Wapi?

Toleo hili nimeweka maswali ya viza pamoja maana yamekuwa mengi sana na mengi yanafanana, mtu anasafiri kwa mara ya kwanza na kila aliye karibu yake anamshauri la kwake. Barua nimezifupisha kidogo na majina nimeyatoa.

Shikamoo dada. Dada yangu mkubwa anaishi Ujerumani, kaniita nikamtembelee wiki mbili alafu tupitie Ufaransa siku tatu. Sijawahi kutoka nje hata siku moja, pasipoti yangu nyeupe pee. Rafiki yangu anasema nikate tiketi kwanza ndo wataona niko siriasi. Ni kweli? Na naomba wapi, kwa Wajerumani au kwa Wafaransa?

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kualikwa. Tiketi usikate. Mengine yote ukiyasahau hili lishike, maana nimepokea barua za watu walionunua tiketi isiyorudishwa hela, viza ikatoka ndege imeshaondoka au haikutoka kabisa, na hela ndo ikaenda hivyo. Balozi za Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zenye viza moja, zinachotaka kuona ni buking, yaani nafasi imeshikwa kwa jina lako na tarehe za kwenda na kurudi zinaonekana, sio lazima uwe umelipia. Hata Marekani wenyewe wanawaambia waombaji wasinunue tiketi mpaka viza iwe mkononi.

Kuhusu wapi uombe, Schengen ni nchi 29 ila ombi linapelekwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, kwa iyo kwako ni Ujerumani hata kama ndege itatua Paris kwanza. Siku zingekuwa sawasawa ndo ungeomba kwa ile unayoingilia. Nalisema hili kwa sababu kuna watu wanakimbilia nchi waliyosikia inatoa viza kirahisi, alafu buking ya hoteli na barua ya mwaliko vyote vinaonyesha wanaenda nchi nyingine, afisa akisoma kurasa mbili tu anaona kabisa maelezo hayakai pamoja.

Muda sasa. Ombi unaruhusiwa kulipeleka kuanzia miezi 6 kabla ya safari na isiwe chini ya siku 15 kabla. Jibu kwa kawaida linatoka ndani ya siku 15 tangu wapokee makaratasi, lakini wana ruhusa ya kufika mpaka siku 45 wakiona kuna kitu cha kuchunguza, na hapo bado hujahesabu kusubiri apointimenti ambayo msimu wa likizo za kule, Juni mpaka Agosti, inaweza kuwa mbali sana. Mtu anayeanza kuhangaika wiki tatu kabla ya safari anajitesa bure. Anza mapema.

Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, ibaki hai angalau miezi 3 baada ya siku utakayotoka Schengen (nchi nyingine nyingi duniani wanataka 6) na iwe na kurasa 2 tupu. Bima ya safari isipungue yuro 30,000 na ifunike matibabu ya dharura pamoja na kurudishwa nyumbani. Ada kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, na ukinyimwa hairudi.

Alafu angalia majina, na hapa naomba ukae chini kabisa utoe kila karatasi uliyonayo. Pasipoti ina majina matatu, benki wameandika mawili, cheti cha kuzaliwa kina jina la babu, barua ya kazini wamekosea herufi moja, na wewe umezoea tu hivyo miaka yote kwa sababu kila mtu anakujua. Afisa hakujui. Yeye ana makaratasi tu na kwake hao wanaweza kuwa watu wawili tofauti. Yanayorekebishika yarekebishe, yasiyorekebishika weka hati ya kiapo cha majina.

Dada yako naye asikuandikie barua ya kawaida tu kama ndiye atakayebeba gharama. Ujerumani wana fomu yao rasmi ambayo mwenyeji anaenda kuitia sahihi kwenye ofisi ya wageni ya mji anaoishi, akikubali kisheria kwamba gharama zako ni juu yake. Hiyo ndo ina nguvu. Mwambie aanze kuifuatilia sasa hivi maana na yeye atahitaji apointimenti.

Na pasipoti kuwa nyeupe sio kosa. Kila aliyewahi kusafiri alianza nayo hivyo hivyo.

Habari dada. Mimi ni fundi wa nguo, nimejiajiri na nimeajiri wasichana wawili. Nataka kwenda Uingereza siku 10 kwenye maonyesho ya vitambaa. Sina mwajiri wa kuniandikia barua, hela zangu nyingi zinapita kwenye simu na benki naweka mara moja moja. Shemeji yangu kasema ataniingizia hela kwenye akaunti wiki moja kabla sijaprinti stetimenti ili isomeke vizuri, alafu nitamrudishia. Nifanye?

Usifanye dada yangu, tafadhali. Najua shemeji ana nia njema na najua ushauri huu umezagaa kila mahali, lakini ndo unaowaangusha watu wengi ambao wangepita vizuri kwa hela zao wenyewe.

Afisa akishika stetimenti haangalii ile namba ya mwisho tu. Anasoma kuanzia juu, hela inaingia lini, inatoka wapi, inatoka kwenda wapi, na kama vyote hivyo vinafanana na kazi uliyoandika kwenye fomu. Miezi mitano akaunti inapumua kwa hela ndogo ndogo za wateja alafu ghafla inaingia hela kubwa kuliko zote ulizowahi kuingiza, huhitaji kuwa mtaalamu wa fedha kujua hiyo imeletwa ionekane. Mwongozo wa Uingereza unawaelekeza maafisa waangalie hela imetoka wapi na kama ni ya mwombaji kweli. Kwa iyo ile hela ya shemeji inakuondolea uaminifu hata kwenye vile vitu ambavyo ni vya kweli kabisa, na wewe unavyo vingi.

Hebu tuvitaje. Una biashara, ina leseni au usajili, toa kopi. Unalipa kodi, weka risiti za mwaka huu na mwaka jana. Una mkataba wa pango la chumba cha kazi, weka. Una mafundi wawili unaowalipa, kuna daftari au maandishi ya malipo yao, weka. Stetimenti ya simu inatolewa na kampuni yenyewe ya simu, iombe ikiwa na muhuri, weka pamoja na ya benki. Una oda ambazo wateja wamelipa nusu na umeahidi kumaliza baada ya tarehe ya kurudi, aisee hiyo ni karatasi nzuri sana kwa sababu inaonyesha kitu kinachokungoja nyumbani, na hicho ndo afisa anakitafuta muda wote, kwamba huyu mtu ana maisha anayoyarudia.

Alafu andika barua ya kurasa moja, sio insha. Mimi ni fundi, kazi nilianza mwaka fulani, kwa mwezi napata kati ya kiasi hiki na hiki, hela nyingi napokea kwa simu na ndo maana benki inaonekana nyembamba, naenda kwenye maonyesho haya tarehe hizi, nitalala hapa, safari nzima nimeikadiria kiasi hiki na naigharamia kwa akiba hii. Kila sentensi uliyoandika iwe na karatasi nyuma yake. Makadirio nayo yawe na akili, mtu anayepata kidogo akiandika atakaa hoteli ya kifahari siku 10 anajiletea maswali mwenyewe.

Na kama una miezi kadhaa mbele yako, kuanzia leo peleka mapato yako benki kila wiki, hata yawe madogo. Mapato madogo yanayoingia kwa mpangilio yanasomeka vizuri kuliko mzigo mmoja wa kushtukiza. Uingereza unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi 3 kabla ya safari na jibu kwa kawaida ni kama wiki 3, kwa iyo nafasi ya kujipanga unayo.

Kama shemeji kweli anataka kukusaidia, kuna njia ya wazi. Aandike barua kwamba anachangia kiasi fulani, aambatanishe stetimenti yake na uthibitisho wa undugu wenu. Msaada hauna shida yoyote, shida inaanzia pale unapofichwa. Kule Uingereza ukibainika umedanganya kwenye ombi, iwe karatasi feki au maelezo ya uongo, unaweza kufungiwa miaka 10. Marekani ni kali zaidi, uongo kwenye ombi la viza unaweza kukuzuia maisha. Na hizi nchi Uingereza, Marekani, Kanada, Australia na New Zealand zinabadilishana taarifa za uhamiaji, kwa iyo la huku linakufuata kule.

Dada mambo. Nina intavyuu ya viza ya Marekani na naogopa hadi silali. Kuna kaka ananifundisha majibu, nimeyakariri yote. Kuna kingine cha kujiandaa?

Poa mdogo wangu. Majibu ya kukariri yaache. Intavyuu yenyewe ni ya dirishani, watu wengi wanamaliza ndani ya dakika chache, na afisa ana fomu yako ya DS-160, ile uliyojaza kuombea viza, mbele yake. Kwa iyo cha kujiandaa nacho ni hiyo fomu, ichukue uisome upya mpaka ukumbuke kila ulichojaza maana ukisema kitu tofauti na ulichoandika mwenyewe hapo ndo pagumu. Fomu inauliza mpaka akaunti zako za mitandao ya kijamii za miaka 5 iliyopita, kama kuna uliyoiacha hakikisha unaisahihisha kabla ya siku ya intavyuu.

Woga wako naamini utapungua ukijua wanachokipima. Sheria yao ya uhamiaji kifungu cha 214(b) inamtaka afisa amchukulie kila mwombaji wa viza ya kutembea kuwa anataka kuhamia mpaka mwombaji amridhishe kwamba atarudi. Sio kwamba kakuchukia wewe. Unaenda wapi, kwa nani, siku ngapi, nani analipa, nyumbani unafanya nini, jibu kile ulichoulizwa kwa sentensi moja mbili za kweli kisha nyamaza. Makaratasi beba lakini usiyasukume dirishani kabla hujaombwa.

Nilinyimwa viza ya Schengen mwaka juzi. Saivi naomba nchi nyingine na fomu inauliza kama niliwahi kukataliwa. Nikijaza hapana watajua?

Jaza ndio. Alama za vidole na taarifa za ombi lako la Schengen zinakaa kwenye mfumo wao mpaka miaka 5, na kunyimwa peke yake hakukufungii mlango kama kulificha kunavyokufungia. Ulipokataliwa walikupa fomu yenye sababu zilizowekewa alama, itafute. Wengi inawekwa ile ya kwamba kuna mashaka kama utaondoka kabla viza haijaisha, wengine ni hela, wengine ni sababu ya safari haikueleweka. Ombi jipya lijibu hiyo alama hasa, useme nini kimebadilika tangu wakati ule. Kama hakuna kilichobadilika ningekushauri usubiri, ada usiitupe.

Kuna jamaa anasema ana mtu wake ndani ya ubalozi, viza ni uhakika, nimpe hela na pasipoti. Wenzangu wawili wamekubali.

Usimpe, na wenzako waambie leo. Hakuna anayeweza kukuahidi viza, hata kampuni halali zinazopokea makaratasi kwa niaba ya balozi hazina mkono kwenye uamuzi. Hawa vishoka mchezo wao mkubwa ni kukutengenezea barua ya kazi na stetimenti feki, yeye anachukua chake, jina linalochafuka ni la kwako kwa sababu sahihi kwenye fomu ni yako. Kumlipa mtu akusaidie kujaza fomu sio kosa, ila soma kila mstari kabla hujasaini na pasipoti ukabidhi dirishani wewe mwenyewe.

Viza yangu ya Schengen imetoka, asante Mungu! Ila sielewi, imeandikwa siku 20 lakini kutoka tarehe ya kwanza mpaka ya mwisho nahesabu siku 35. Nikae ngapi?

Hongera sana! Unakaa 20. Zile tarehe mbili ni dirisha la kutumia viza, na wanaongeza siku 15 juu yake ili safari ikisogea kidogo usilazimike kuomba upya. Siku ya kuingia inahesabiwa na siku ya kutoka inahesabiwa. Angalia pia sehemu ya idadi ya kuingia, kama ni 1 basi ukitoka nje ya Schengen hata kwa siku moja, mfano ukavuka kwenda Uingereza, hurudi tena kwa viza hiyo.

Hakikisha jina na namba ya pasipoti kwenye stika vimeandikwa sawa, ukikuta kosa rudi kwao haraka kabla ya safari. Na barua ya mwaliko, buking, bima na stetimenti usiviweke kwenye begi kubwa linaloenda chini ya ndege, viwe mkononi, kwa sababu viza inakufikisha mpakani ila wa kukuruhusu uingie ni afisa wa pale na ana haki ya kukuuliza yale yale uliyoulizwa wakati unaomba.