Mavyaa Wako Si Mchoyo

Mkaza mwana mmoja wa Mpendae, Unguja, ameniandikia kwamba anatunga kitabu cha ukoo wa mumewe, chenye nasaba, mapishi na kumbukumbu za sikukuu, ili watoto wake wajue walikotoka. Lakini mavyaa wake, mama wa mumewe, wa Wete kisiwani Pemba, huruka majina ya wazee, humpa mapishi nusu nusu, na tangu Idd iliyopita hapokei simu yake. Mume naye amemwambia aache. Anauliza afanye nini na "bibi mchoyo".

Pole, mwanangu, na nia yako ni njema. Pole yangu inaishia hapo, kwa sababu katika barua yako kuna mstari umeupitisha mbio: sikukuu ya pili ulimrekodi video jikoni akimimina mkate, "na ndugu wote waliipenda". Waliionea wapi, kama hukuituma? Mwanamke wa umri wake, kichwa wazi, kanga ya jikoni kiunoni, umemtembeza kwenye simu za watu, kisha unashangaa hapokei yako. Mimi pia nisingepokea.

Katika mapishi umemdhulumu. Mchele wa mkate wa kumimina huroweshwa usiku kucha, husagwa kwa tui, hutiwa hamira, hiliki na sukari, na ukishaumuka hutiwa ute wa yai. Hayo amekwambia, umeyaandika mwenyewe. Unachokitaka kwa vikombe ni uzito wa ule uji, na huo yeye anaujua kwa namna unavyoanguka kutoka kwenye upawa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na wewe, kwa maelezo yako, ulisimama mlangoni na simu huku mawifi zako wakikuna nazi.

Majina ni jambo zito zaidi. Utumwa Zanzibar ulifutwa kisheria mwaka 1897, na mavyaa wako alilelewa na watu waliolelewa na walioyaona ya wakati ule. Mapinduzi ya 1964 yalimkuta yeye mwenyewe yu hai, tena mtoto mwenye akili zake. Visiwani kwetu swali la asili ya mtu limewahi kuumiza nyumba nyingi, kwa hiyo mzee akiruka jina huenda anawasitiri waliokufa na walio hai. Mumeo analijua hilo.

Ndoa za siku hizi zina ugonjwa huu: sikukuu haijaliwa, imeshapigwa picha, na asiyetaka kuonekana huitwa mkorofi. Zamani mkaza mwana alijulishwa siri za nyumba kidogo kidogo, kadiri alivyoonekana anaweza kuzihifadhi. Tena barua yako nzima haina hata jina moja la wazee wako wewe, ilhali mama yako yu hai. Watoto hao wana kuumeni na kuukeni. Mbona hukuanzia kwenu?

Futa video hiyo, uwaombe na ndugu waifute, kisha panda boti uende Pemba bila ya kitabu. Muombe radhi mbele ya mawifi zako, ukae kwenye mbuzi ukune nazi mpaka uambiwe basi. Akihadithia sikukuu za utotoni mwake, sikiliza. Utaandika usiku, utamsomea asubuhi, na atakalotaka liondolewe, liondoe. Ukihitaji tarehe na karatasi, nenda Nyaraka za Taifa pale Kilimani. Lakini ukikuta humo jina alilolificha, mpelekee yeye kwanza, wala mumeo asilisikie kwako.